Nahodha Alishasema: Mazungumzo na Vijana Kuhusu Kuendesha Siku ya Shutingi

Haya, wa nyuma mnanisikia? Poa. Mliosimama mlangoni ingieni ndani kidogo, nafasi ipo, na simu wekeni sailenti jamani, maana tunaongea habari za seti na kwenye seti simu ikilia ndo siku mtu anajua jina lake lote.

Mimi ni AD, asistanti dairekta, na wengi wakisikia asistanti wanadhani kazi ni kumshikia dairekta chai. Mama yangu mpaka leo akiulizwa mwanao anafanya kazi gani anasema "anawapigia watu kelele kwenye filamu", na kusema ukweli hajakosea sana. Dairekta anahangaika na hadithi, DOP, yaani mkuu wa kamera na mwanga, anahangaika na picha, produsa na hela, mimi nahangaika na saa. Na saa haiendeshwi na saa, inaendeshwa na habari. Nani anajua nini, na kajua lini. Ngoja niwape kisa mtanielewa.

Miaka kadhaa nyuma tulikua Bagamoyo, tamthilia moja sitaitaja. Sini yenyewe nyepesi tu, baba anarudi kutoka baharini, ngalawa inaelea, binti yake anaingia majini mpaka magotini anampokea, wanaongea maneno manne, basi. Reki, yaani kwenda kukagua eneo kabla ya shutingi, tulifanya Jumamosi saa nne asubuhi, maji yako hapo karibu na minazi, bahari imetulia kama sinia, DOP kapiga picha kwa simu, dairekta kafurahi mpaka katununulia madafu, nami nikaandika kwenye ratiba, Jumamosi ijayo saa nne kamili, sini ya 14.

Jumamosi ikafika. Watu thelathini na kitu, Coaster mbili, genereta, tumeshuka saa kumi na mbili asubuhi kila mtu yuko bize na lake, meikap wanapaka, vijana wa kamera wanalaza reli, mi niko na redio nafokea foleni ya nguo. Saa moja niliona maji yanarudi nyuma nikasema aah kidogo tu. Saa nne tuko tayari kushuti na bahari haipo. Yaani haipo! Iko kule mbali unaona kimstari cheupe tu, ngalawa imelala ubavu mchangani kama mbuzi aliyechoka, na kina mama wanaokota chaza palepale ambapo binti alitakiwa aingie majini mpaka magotini.

Mliozaliwa pwani mnacheka, chekeni tu. Kwa wa bara nifafanue: maji kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo wiki moja yanakua yamesogea karibu masaa sita, na saa ambayo leo yamejaa, siku saba mbele saa hiyohiyo yamekupwa. Halafu reki tulifanya siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, shutingi ikaangukia bamvua, siku maji yanajaa sana na kupwa sana, mwezi mpevu juzi yake tu, na bamvua kwa mwambao wetu huu saa nne saa tano asubuhi maji yanaenda nje mpaka basi.

Sasa kutokujua maji ni ujinga wangu, naukubali, ila kilichoniuma ni kwamba nahodha alishasema. Siku ileile ya reki, wakati wanapatana bei ya ngalawa, alimwambia kijana wetu wa propsi, yaani vitu vya kuigizia, mwanangu wiki ijayo muda huu maji yatakua nje, njooni alfajiri sana au njooni alasiri. Kijana akajibu "sawa mzee", akaandika bei, akaondoka. Wala hakua mvivu yule, kwake yeye ngalawa ni propsi, propsi imepatikana, hela imelipwa, kaweka tiki. Maji si idara yake. Nyie nendeni seti yoyote iliyokwama mkachunguze, mara nyingi mtakuta kuna mtu alikua anajua, tatizo habari imekaa kwa mtu asiyekua na shida nayo.

Ndo maana mi skripti nikipewa siisomi kama hadithi, naichana. Kila ukurasa unagawanywa mafungu nane, sini fupi ni moja ya nane, nyingine kurasa mbili na tatu ya nane, na hivyo ndo unajua siku ina uzito gani. Halafu kila sini unaiuliza inamgusa nani. Watu wanadhani sini ya kupigana ndo ngumu. Chukua mstari mmoja tu, "Mama anashtuka, anajimwagia chai." Propsi anawaza kikombe. Ila mavazi wao lazima wawe na kanga tatu za aina moja, maana kanga ikilowa teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kurekodi, huwezi kuipiga pasi mara sita watu wanasubiri, na si kanga tatu zinazofanana rangi, ni kanga ileile jina lilelile, kwa sababu mtazamaji wa kwetu anasoma maneno ya kanga kabla hajamwangalia mwigizaji usoni. Ukienda Kariakoo wiki ya pili mzigo umeisha. Kontinyuiti, yule anayehakikisha shoti zinaoana, anataka kujua chai ilikua imefika wapi kwenye kikombe. Mtu wa sauti anakuomba kitambaa chini ya kisahani maana meza ni ya kioo na ule mgongano unakaa juu ya neno. Na kama chai ni ya moto kweli kuna mtu ataungua, hiyo ni yangu. Mstari mmoja huo, idara tano, na kama hukuwakalisha pamoja kabla, watakutana kwenye seti na watakutana kwa kugombana.

Baada ya hapo ni kolshiti, karatasi ya kesho. AD wa pili anaiandaa, mi naisaini, inatoka jioni kabla watu hawajalala. Nawaomba andikeni saa kwa namna moja ambayo haina mjadala. Niliwahi kuandika "Chakula 6:00" nikimaanisha chai ya asubuhi, mama wa chakula akasoma kama Mswahili yeyote mwenye akili timamu anavyosoma, akaja saa sita mchana na wali wake wa moto mzuri kabisa, wakati watu wana njaa tangu alfajiri. Kosa la nani? Langu. Siku hizi naandika "saa kumi na mbili asubuhi" kwa maneno, na kama kuna wageni kwenye kru naweka 06:00 pembeni. Na tiki mbili za bluu kwenye grupu la WhatsApp hazimaanishi mtu kasoma, zinamaanisha kafungua. Wakuu wa idara nawapigia simu, moja moja, naacha wao ndo waniambie kesho wanaanza na nini.

Kwenye seti yenyewe mpangilio si siri. Waigizaji wanapitia sini mara moja bila taa bila kamera, halafu wanaenda kumalizia meikap, seti inakabidhiwa kwa watu wa taa, kisha mazoezi, kisha tunashuti. Ile mara ya kwanza ndo watu wanaidharau, utaona mkuu wa taa yuko nje anavuta sigara, wa mavazi anachati, halafu nusu saa baadae mwigizaji anakaa kwenye kiti ambacho taa haikipati na mtu wa sauti hajui kama mlango utafunguliwa. Mi nawafungia ndani. Dakika tano, wakuu wote wa idara wasimame waangalie kwa macho yao.

Na ile kuitana, kimya jamani, sauti, "spidi", kamera, "inazunguka", kibao, ndipo dairekta aseme eksheni, vijana wanaona ni mbwembwe. Ile spidi imetoka enzi za tepu, mashine ilikua inahitaji sekunde kadhaa kufikia mwendo wake, ilikua habari ya kweli. Leo mashine inawaka papo hapo, ila bado kila mtu anasikia mwenzake yuko tayari, kwa hiyo msiiache.

Kuhusu muda wa hapa Dar. Jua letu halibembelezeki, mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, na likishagusa chini giza linaingia fasta. DOP wote wanataka ule mwanga wa jioni. Sasa ni muda huohuo adhana ya magharibi inaingia, na misikiti haianzi pamoja, wa kwanza akimaliza wa tatu ndo anaanza. Mtu wa sauti mzuri ana ratiba ya swala kuliko imamu. Kwa hiyo jioni weka shoti zisizo na maongezi, mtu anatembea, anafunga dirisha, anaangalia bahari, maneno uwe umeshayamaliza alasiri. Na usije ukamtuma kijana akaombe wapunguze spika, tafadhali, mmewakuta wako kwao.

Sasa nibadilishe sauti kidogo. Februari 20, 2014, jimbo la Georgia kule Marekani, kru ya filamu iliweka kitanda juu ya reli, kwenye daraja la treni juu ya mto, waigize. Treni ya mizigo ikaja. Msaidizi wa kamera anaitwa Sarah Jones, miaka 27, akafa palepale, wengine wakaumia. Kampuni ya reli ilikua imeshakataa kwa barua pepe wasishuti hapo. Nasema tena, jibu la hapana lilikuwepo, kwa maandishi, na wengi waliopanda lile daraja hawakua wanajua. Dairekta alienda jela, AD akapewa kifungo cha nje cha miaka kumi. Kwa hiyo kibali cha Bodi ya Filamu, barua ya serikali ya mtaa, ruhusa ya mwenye nyumba, kopi zinakaa mfukoni kwangu na yeyote kwenye kru akitaka kuziona nampa, hata ekstra. Na mtu akikwambia hapa pananitisha, simamisha kwanza, ugomvi na produsa utakuja baadae.

Chakula kisipite masaa sita tangu watu waanze kazi. Hapo sina la kuongeza.

Jioni kuna kitu nakipenda. Hollywood ile shoti ya pili kutoka mwisho inaitwa Abby Singer, ni jina la AD mmoja wa zamani kule, alikua anatangaza "hii na nyingine moja" ili watu waanze kufungasha mapema kabla ya kuhamia seti nyingine, muda usipotee. Mtu amekua jina la shoti kwa sababu alikua anasema mapema! Mi naisema kwa Kiswahili tu, "mbili za mwisho", utaona vijana wa genereta wanavyochangamka. Ila kadi za kamera haziondoki mpaka zimenakiliwa mara mbili na diski mbili zimepanda magari mawili.

Bagamoyo? Tulivuta mbele sini ya ndani ya nyumba, nguo zake zilikua Dar, bodaboda akatumwa, tukashona siku hivyohivyo. Saa tisa na nusu maji yakarudi yenyewe, ngalawa ikainuka, binti akaingia mpaka magotini, tukapata teki nne safi. Nahodha akadai hela ya masaa ya kusubiri na nikamlipa bila kupunguza, alikua na haki. Tangu siku hiyo kolshiti yangu ya pwani ina mstari chini ya jua kuchwa umeandikwa MAJI, na simu ya kuuliza naipiga mimi mwenyewe.

Basi tupumzike robo saa, chai iko nje. Tukirudi mnagawanyika idara nne tunaendesha ile sini ya kikombe hapahapa ukumbini. Nimeleta redio sita, mbili hazina chaji, na nyie wa sauti ndo mlikua mmepewa chaja.