Njia ya mkojo ya mwanamume, kipande kwa kipande
(Mhadhara kwa wanaume, Ngamiani, Tanga)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mliokaa nyuma karibu na baiskeli zenu, hamjambo.

Leo tunazungumza habari ya njia ya mkojo ya mwanamume, kuanzia kibofu mpaka nje. Nimeombwa nitumie maneno ya heshima, nami nitayatumia, lakini viungo nitavitaja kwa majina yake. Mtu akija hospitali akasema tu "naumwa huku chini", muda mwingi unapotea kutafuta huko chini ni wapi, na yapo maradhi ya njia hii ambayo hayangoji.

Kwa mtu mzima, njia hii ina urefu wa sentimita 18 mpaka 20 hivi. Ya mwanamke ni kama sentimita 4 tu, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya wake zetu kupata maambukizi ya mkojo mara nyingi kuliko sisi: vijidudu havina safari ndefu kufika kibofuni. Ya kwetu ni ndefu na imepinda mara mbili. Muuguzi anapotaka kuweka mpira wa mkojo huunyanyua uume juu, na pindo la mbele linanyooka. Pindo la pili, lililo chini ya mfupa wa kinena, halinyooki, kwa hiyo hapo mpira unapitishwa kwa upole.

Mwanzo kabisa, kwenye shingo ya kibofu, pana kama sentimita 1 iliyozungukwa na msuli unaojifunga wenyewe bila wewe kuuamrisha. Wakati wa tendo la ndoa msuli huu hufunga ili manii yasirudi kibofuni. Wapo wazee waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, au wanaotumia dawa fulani za tezi hiyo, ambao hufika kileleni na kisitoke kitu. Wanaogopa, wengine wanadhani wamefanyiwa mambo. Manii yamerudi nyuma kibofuni, na yatatoka na mkojo. Hayamdhuru mtu, ila anayetafuta mtoto amwambie daktari.

Inafuata sehemu inayopita katikati ya tezi dume, sentimita 3 hadi 4. Hii ndiyo pana kuliko zote. Kwenye ukuta wake wa nyuma pana kiinuko kidogo, na hapo vinafunguka vitundu viwili vinavyoleta mbegu. Juu ya hapo njia ni ya mkojo peke yake, na kuanzia hapo kwenda chini inatumika kwa vyote viwili.

Wazee wangu, nisikilizeni hapa. Tezi dume ikikua kwa umri, kinachokua ni ile nyama ya ndani inayoigusa njia, ndiyo maana mkojo unakuwa wa kusuasua na unaamka usiku mara kadhaa. Saratani ya tezi hiyo kwa kawaida huanzia upande wa nje, nyuma, mbali na njia. Kwa hiyo mtu anaweza kukojoa vizuri kabisa na saratani imo. Daktari anapopima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, anaugusa upande huohuo wa nyuma. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na nasikitika sana ninapoona mzee anakikataa kwa aibu.

Chini ya tezi dume pana kipande kifupi, sentimita 1 mpaka 2, chembamba na kisichotanuka. Kinapenya kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, na hapo ndipo ulipo msuli unaouamrisha wewe mwenyewe unapobana mkojo ndani ya basi. Nyonga ikivunjika, kama mkwezi anapodondoka toka mnazini au bodaboda anapogongwa na lori, njia huchanika hapo au chini kidogo tu ya hapo.

Kilichobaki, karibu sentimita 15, ndiyo sehemu ndefu inayopita kwenye nyama laini yenye damu nyingi. Inaanzia msambani, kati ya pumbu na njia ya haja kubwa. Tanga yetu ni mji wa baiskeli, na hapa ndipo baiskeli inapoumiza. Kijana amesimama kwenye pedeli, cheni inachomoka, miguu inateleza, anaangukia msamba juu ya bomba la fremu. Njia inabanwa kati ya chuma na mfupa wa kinena, kama kidole kilichobanwa mlangoni. Mfupa hauvunjiki. Anakaa kidogo, maumivu yanapoa, anapanda tena na kwenda zake.

Akiona tone la damu kwenye tundu la uume, au amebanwa na mkojo hautoki, au msamba umevilia damu, aende hospitali siku hiyohiyo na aeleze alivyoanguka. Asikubali mtu yeyote amsukumie mpira kwa nguvu, maana mchaniko wa nusu unaweza kuwa wa kukatika kabisa. Kwanza hupigwa picha ya eksirei, dawa maalumu ikiwa imeingizwa njiani ili mchaniko uonekane. Ikibidi, mkojo hutolewa kwa mpira unaopitia tumboni, juu ya kinena.

Hata asiyeona damu asisahau siku aliyoanguka. Kovu linajijenga polepole, na baada ya miezi, pengine miaka, mkojo unakuwa mwembamba, unatawanyika, unatoka kwa kujikamua. Kisonono kisichotibiwa mapema huacha makovu ya namna hiyohiyo kwenye sehemu hii ndefu. Ncha yenyewe haina mengi: njia inatanuka kidogo ndani ya kichwa cha uume, kisha inaishia kwenye tundu la nje, ambalo ndilo jembamba kuliko pote.

Njia iliyobanwa na kovu inatibika. Kovu fupi linaweza kutanuliwa, au kukatwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya njia, ingawa mara nyingi hurudi. Likirudi, au likiwa refu, wapasuaji huijenga njia upya, na ngozi wanayoipenda kwa kazi hiyo ni ile laini ya ndani ya shavu. Imezoea umajimaji, haioti nywele, na kidonda cha mdomoni hupona upesi.

Sasa maswali. Tuanze na mzee pale mbele, kisha vijana.