Biskuti, Simsim na Unyevu wa Ziwa

(Mhadhara uliotolewa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa maktaba, Kisumu)

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu, na ninyi watoto mliokubali kukaa sakafuni ili wakubwa wapate viti, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua yote hii.

Hapa mezani kuna mikebe mitatu na kisahani kimoja. Mikebe tutaifungua baadaye. Kisahani kina biskuti moja niliyoiacha wazi tangu asubuhi, na ninaomba asiiguse mtu kwa sasa.

Mimi nilizaliwa Nakuru, na kuoka nilijifunza hukohuko. Biskuti zetu za siagi tulizipanga sahanini, tukazifunika kwa kitambaa, na siku ya tatu zilikuwa bado zinavunjika kwa mlio. Nilipoolewa nikaja huku Kisumu, nikaoka zilezile kwa kipimo kilekile, nikazifunika usiku. Asubuhi nikazikuta zimelegea kama mkate wa jana. Nikalaumu unga, nikabadilisha unga. Zikalegea tena. Nikalaumu oveni. Ilinichukua miezi kutambua kwamba kilichobadilika ni hewa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Sisi hapa tuko mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, na hewa tunayovuta imebeba maji. Biskuti zangu zilikuwa zinayanywa maji hayo usiku kucha, nami nimelala.

Kwa hiyo mlivyonialika nizungumzie biskuti na vitafunio vitamu vya nchi mbalimbali, nimeona nisianze na utamu. Nitaanza na maji, kwa sababu kila kitafunio kinachopendwa mbali na kilikopikiwa kimefika huko kwa kufukuzwa maji.

Neno biskuti limetoka katika Kilatini, bis coctus, iliyopikwa mara mbili. Mara ya kwanza unga ukawa mkate, mara ya pili mkate ukarudishwa motoni ukauke. Wajerumani wana Zwieback, na maana ni hiyohiyo. Huko Prato, Italia, huoka gogo la unga na lozi, wakalikata vipande lingali na joto, kisha wakavirudisha ovenini. Makaburu wa Afrika Kusini wana beskuit yao, ngumu, ambayo bila kuchovya kwenye kahawa meno yatalalamika. Na kwa karne nyingi mabaharia wa Ulaya waliishi kwa biskuti za unga, maji na labda chumvi, zisizo na hata chembe ya sukari. Hapo ilitakiwa biskuti ifike ng'ambo bila kuota ukungu, basi. Sukari ilikuja baadaye, ilipokuwa nafuu, na historia ya unafuu huo imejaa jasho la watumwa wa mashamba ya miwa ya Karibi. Hilo nalitaja kwa sababu nitalirudia.

Haya, mtoto wa shati la kijani, njoo. Shika ile biskuti ya kisahani uivunje karibu na kipaza sauti. Mmesikia nini? Hakuna kitu. Imepinda kwanza ndipo ikakatika. Kuanzia asubuhi tu!

Uingereza jambo hili liliwahi kufika mbele ya baraza la kodi. Mwaka 1991 kampuni ya McVitie's na watoza kodi walibishana kuhusu kitu kinachoitwa Jaffa Cake, kiduara laini chenye jeli ya chungwa na chokoleti juu. Sheria yao ya kodi ya VAT haikutoza keki, lakini biskuti iliyopakwa chokoleti ilitozwa. Sasa hiki ni keki au ni biskuti? Mojawapo ya hoja zilizopimwa ni hii ambayo kila mpishi anaijua kwa mikono: keki ikichacha hukauka ikawa ngumu, biskuti ikichacha hulainika. Jaffa Cake hukauka. Baraza likasema ni keki. Mimi naiheshimu hukumu ile. Keki ina maji mengi, kwa hiyo huyapoteza hewani. Biskuti nzuri inabaki na maji ya asilimia 5 au chini ya hapo, kwa hiyo huyavuta. Kila kimoja kinasogea kuelekea hali ya hewa iliyokizunguka.

Mkishajua hivyo, mtaitazama pakiti ya biskuti kwa macho mengine. Vile vitundu vya juu si urembo. Vinaupa mvuke njia ya kutokea, la sivyo biskuti ingefura na kubaki na maji ndani. Chukueni Marie, ambayo hakuna duka la mtaa hapa isikouzwa. Ilitengenezwa na kampuni ya Peek Freans ya London mwaka 1874, Maria Alexandrovna, binti wa mfalme wa Urusi, alipoolewa na mtoto wa Malkia Victoria. Ndiyo, Victoria huyohuyo ambaye ziwa letu lilibandikwa jina lake. Mkwe akapewa biskuti, mama mkwe akapewa ziwa. Biskuti ile ikasafiri kuliko bibi arusi mwenyewe: Wahispania wanaiita María na kuidai kuwa yao, Wahindi wanaichovya kwenye chai, na sisi vilevile. Wafaransa wa Nantes walitoa Petit Beurre mwaka 1886, Wajerumani wa Hannover wakafuata na Leibniz mwaka 1891, na hizo mbili ni ndugu kwa sura, za pembe nne na meno pembeni. Digestive ya McVitie's ni ya 1892, na aina hiyo iliitwa hivyo kwa kuaminiwa kwamba magadi yaliyomo husaidia tumbo. Kwangu ni biskuti nzuri, ila tumbo lisilishwe ahadi.

Inayonigusa zaidi ni ya Australia na New Zealand, biskuti ya Anzac, iliyoitwa kwa jina la wanajeshi wao wa Vita vya Kwanza. Ina oti (oats) zilizopondwa, nazi, siagi, na haina yai. Kinachoishikanisha ni shira ya dhahabu, ile nzito inayouzwa Uingereza katika mikebe tangu miaka ya 1880. Na shira ile ni nini? Ni kilichobaki katika kusafisha sukari ya miwa. Yaani muwa.

Nikifika kwenye muwa, ndugu zangu, nimefika nyumbani. Hapo nje kidogo ya mji, Miwani, ndipo kilipojengwa kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, mwaka 1922. Muhoroni ikafuata mwaka 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973. Ukanda huu wote, kuanzia Nandi hadi Kakamega hadi Awendo, unanuka shira wakati wa mavuno. Na bado mgeni akija, tunamtuma mtoto dukani akalete pakiti. Nilikuwa katika mkutano mmoja hapa mjini, siutaji wala siwataji walioandaa, ambapo mama aliyekuja na beseni la simsim za duara, yaani mbegu za ufuta zilizoshikwa kwa sukari, aliambiwa akauzie nje ya lango, kwa sababu ndani kuna wageni wa heshima na biskuti zimeshanunuliwa. Niliumia. Nilitoka nikanunua beseni nusu, na ndiyo siku niliyoamua kwamba nikialikwa kusema popote nitasema habari hii.

Zile simsim za soko letu la Kibuye, ambazo mababu wa hapa waliziita nyim kabla hata hazijafinyangwa na sukari, hazina udogo wowote mbele ya biskuti za London. Kazi ni ileile, kufukuza maji, ila njia ni ngumu zaidi. Ukichemsha sukari na maji, maji yanatoka na joto linapanda. Ikifika nyuzi 115 hivi, tone ukilidondosha kwenye maji baridi linakuwa kidonge laini cha kufinyika. Ikifika nyuzi 150, tone hilo linageuka kioo, unaligonga linalia. Kioo kile cha sukari karibu hakina maji kabisa. Ndicho kinachoshika simsim.

Na hapa niwape jambo ambalo wapishi wengi huliumia bila kulijua. Nyuzi hizo zimepimwa usawa wa bahari. Hapa Kisumu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, Nakuru 94. Ukifuata kipimajoto kama kilivyoandikwa kitabuni, sukari yako itaungua. Punguza nyuzi 4 hapa, 6 ukiwa Nakuru. Au fanya kama mama wa Kibuye, ambaye hana kipimajoto na hakosei: bakuli la maji baridi na tone moja.

Wengi wa akina mama hao hutumia sukari nguru, ile ya muwa isiyosafishwa. Ina ladha ya moshi na muwa ambayo sukari nyeupe haina, na ninaililia kila nikikumbuka kiasi cha sukari nguru ya magharibi kinachoishia kwenye mitungi ya chang'aa badala ya vinywani mwa watoto. Ila ina tatizo lake. Ndani yake kuna glukosi na fruktosi, na hasa hiyo fruktosi inapenda maji kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo hunata upesi hapa ziwani. Dawa ni hii. Kaanga simsim kavu kwanza mpaka ziruke sufuriani. Pika sukari mpaka tone lilie, usiishie njiani kwa huruma ya kuni. Zikipoa tu, kabla ya jioni, zitie mkebeni ufunge vizuri, na chini weka kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu. Mchele utakunywa unyevu badala ya simsim.

Sasa oneni jamaa za simsim yetu. Misri, wakati wa Maulidi, wanauza vipande vya simsim na vya njugu vilivyoshikwa kwa sukari. Ugiriki wana pasteli, simsim na asali. India wana chikki, njugu na sukari nguru, na waliokuja na reli iliyofika hapa mwaka 1901 walikuja na ladha hiyo. Pwani yetu inaiita kashata. Meksiko wanashika mbegu za mchicha, terere kama tunavyoiita sisi, wakaiita alegría, furaha. Waazteki walifinyanga sanamu za ibada kwa mbegu hizo, na mapadri wa Kihispania waliichukia sana desturi hiyo. Utamu umebaki.

Lakini jamaa wa karibu kuliko wote yuko Charleston, South Carolina, Marekani. Kule kuna biskuti nyembamba za simsim, na simsim wanaiita benne, jina lililotoka lugha za Afrika Magharibi. Mbegu zilivuka pamoja na watu waliotiwa utumwani, wakazipanda katika vibustani vyao pembeni ya mashamba ya mabwana zao. Hawakuruhusiwa kubeba kitu. Jina lilivuka, na mbegu ikavuka, na leo biskuti zile zinauzwa kwa watalii kama fahari ya mji. Nilisema nitaurudia utumwa. Kila nikiona beseni pale Kibuye, namwona dada wa yule wa Charleston, amebaki nyumbani.

Swali? Mama wa leso ya bluu... anauliza kama asali inaweza kuchukua nafasi ya sukari nguru. Inaweza, mama, lakini haitakuwa kioo. Asali ina maji ya asilimia 17 au 18 na fruktosi nyingi, kwa hiyo utapata kitu cha kutafuna, kinachovutika kidogo, kama ile pasteli ya Wagiriki. Ipike kwa moto mdogo, koroga bila kuacha, na simsim ziwe nyingi kuliko asali, mara mbili kwa uzito ukiweza. Usitarajie mlio.

Mkebe wa kwanza ni biskuti za siagi za Nakuru, zilizofungwa, mlinganishe na ile ya kisahani. Wa pili ni simsim na sukari nguru. Huu wa tatu ni simsim na asali ya Baringo. Uanzie kwa wazee, upite kwa akina mama, halafu sakafuni, na kila mmoja afunike baada ya kuchukua.