Kasha la Saa: Seramiki, Titani na Mchanga wa Sabaki

(Mhadhara uliotolewa Malindi usiku, baada ya sala ya Isha. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wanaodaiwa.

Mwenyekiti amenitaja kuwa mtaalamu. Mimi ni fundi saa. Nina meza, taa, lenzi ya jichoni na kikopo cha betri. Lakini mji wetu una wageni wengi, Waitaliano hasa, na wana wetu walioko ng'ambo nao hurudi na zawadi. Kwa hiyo hupita mezani kwangu saa ambazo bei yake ingetosha kupaua nyumba. Swali la wenyewe huwa lile lile: fundi, kasha la hii, huu mwili wake wa nje, ni la nini, na kwa nini ni ghali?

Kabla sijaendelea, natembeza kitu. Kipokee, kishike, mpe jirani. Ni kipande cheusi, kidogo kama jino la mtoto. Habari yake nitaieleza, ila naomba kinirudie.

Tuanze na mchanga. Mchanga wa ufuo wetu hapa Malindi ni wa kahawia kwa sababu mto Sabaki huushusha kutoka bara, na ndani yake mna kwazi, yaani yale mawe madogo yanayong'aa kama vioo. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, ambacho almasi hupewa 10, kwazi ni 7. Chuma cha pua, hii stenlesi tunayoijua, hakifiki hapo. Basi ukikaa ufuoni na saa ya stenlesi, ukapangusa mchanga kwa kiganja, wewe mwenyewe umeipiga msasa. Mchanga mweupe wa matumbawe ni habari nyingine, maana tumbawe ni laini, kati ya 3 na 4. Nikiletewa saa yenye mikwaruzo myembamba mingi, mwenyewe husema hajui imetoka wapi. Mimi najua: imetoka baharini Jumapili.

Seramiki ya saa iko juu ya kwazi. Mafundi wa viwandani hutumia kipimo kingine, cha Vickers: hukandamiza ncha ya almasi juu ya kitu, kisha hupima alama iliyobaki. Stenlesi hupata kama 200, titani, ile metali nyepesi, ikichanganywa vizuri kama 350, seramiki ya zirkonia hupita 1,200. Na kioo cha yakuti samawi ya kutengenezwa, kile kilichoko juu ya saa nyingi za bei, ni karibu 2,000. Ndiyo maana utaona saa ya miaka kumi kioo chake kipya na kasha lake limechakaa.

Sasa neno lenyewe, seramiki. Msiliogope, ni ndugu wa kaure. Nendeni Mambrui, hapo tu kaskazini ya Sabaki, mlitazame lile kaburi la mnara. Limepachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina, za enzi ya Ming. Jua na umande wa chumvi vimezipiga kwa karne nyingi na rangi ya buluu ingali buluu. Lakini tazameni pia makaburi mengine ya pwani hii: palipokuwa na bakuli, mara nyingi pamebaki tundu la duara. Kaure haipauki wala haishiki kutu. Ila ikipasuka, imepasuka. Shikeni hilo, maana ndilo litakalonirudisha kwenye kile kipande.

Kasha la seramiki hutengenezwa kwa unga mweupe, oksidi ya zirkoni, ndiyo hiyo zirkonia, uliochanganywa na itria kidogo, nayo ni oksidi ya metali nyingine. Unga hushindiliwa kwenye kalibu, kisha huingia jokoni kwa joto la nyuzi 1,400 na zaidi. Mama zangu waliowahi kufinyanga mnajua: chungu kinachoingia jokoni si kile kinachotoka. Hili nalo hunywea, kama robo au moja ya tano yake. Yaani fundi akitaka kasha la milimita 40, lazima alitengeneze kubwa mno, halafu aombe Mungu linywee sawasawa pande zote. Likitoka limeshakuwa gumu, hakuna kisu cha kulichonga, isipokuwa almasi. Bei inapanda hapo. Zirkoni yenyewe si adimu hivyo. Mgodi wa Kwale, huko kusini, ulisafirisha zirkoni pamoja na madini ya titani kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Mchanga ulikuwa wetu, bei ikapandia jokoni kwa watu.

Sifa ya kuvumisha saa isiyokwaruzika ni ya kampuni ya Uswisi, Rado. Mwaka 1962 walitoa DiaStar, ambayo haikuwa seramiki bali metali ngumu ya kabidi ya tangsteni. Wazee waliokwenda Uarabuni wanaikumbuka, ile ya umbo la yai. Mwaka 1986 ndipo seramiki iliposhika: kampuni ya IWC walitoa saa ya Da Vinci yenye kasha la zirkonia, na Rado wakatoa Integral. Mwaka 2000 Chanel wakaleta J12, nyeusi tii, na tangu hapo seramiki ikawa urembo.

Haya, kile kipande. Kiko wapi? Kiko kwa Bi. mkubwa pale, vizuri.

Mteja wangu mmoja, mwanamke wa hapa hapa mjini, alizawadiwa na mwanawe saa ya seramiki, nyeusi yote. Akaniletea nitie betri. Kazi ya dakika kumi. Nikafungua mgongo, nikabadilisha betri, nikaupaka mafuta ule mpira wa kuzuia maji, nikaiweka kwenye mashine ya kukandamizia nifunge. Kwenye mashine ile huwekwa kitako cha plastiki. Siku hiyo kile cha kipimo chake sikukiona, nikaweka cha aluminiamu, tena kimekaa upande. Nikakandamiza. Nikasikia tak! Sauti ndogo, kama kuvunja ganda la njugu. Sikio moja la kasha, pale mkanda unaposhikia, lilikuwa mezani na saa iko mkononi.

Ingekuwa stenlesi, ingepata alama ya kubonyea, ningeifuta kwa gurudumu la kung'arishia na mwenyewe asingejua. (Kicheko.) Nacheka sasa, siku ile sikucheka. Nilimpigia simu, nikamwambia ukweli. Kasha la seramiki halichomelewi wala halijazwi, hununuliwa zima. Nililipa kidogo kidogo mpaka likaisha. Lile sikio nimelihifadhi, na ndilo linalopita mikononi mwenu. Pitisheni ukucha pale palipovunjika: pamekatika laini, hapana hata dalili ya kupinda. Halafu jaribuni kulikwaruza kwa ufunguo wa mlango. Mtaona mstari mweupe wa kijivu, mtadhani mmeliumiza. Futeni kwa kidole: ni ufunguo ndio ulioacha ngozi yake pale.

Basi kuna ugumu wa kukataa kukwaruzwa na kuna ugumu wa kuvumilia kipigo. Kiswahili chetu huviita vyote ugumu, na wauza saa wanafaidika na hilo.

Hata hivyo nisiidhulumu. Zirkonia si sahani ya chai. Ndani yake mna jambo la ajabu ambalo mtu wa majahazi atalielewa haraka kuliko mtu wa saa. Jahazi likikaa pwani juani, mbao zinakauka na viungo vinaachana. Likishushwa majini, mbao zinalowa, zinafura, zinabana zenyewe. Sasa, zile punje za zirkonia huzuiliwa na itria zikae katika umbo lililobanwa. Ufa ukianza kupenya, punje zilizo kwenye ncha ya ufa zinaachiwa, zinageuka umbo, zinafura kwa kama asilimia 4, na zinaubana ufa usiendelee. Jambo hili lilielezwa na wanasayansi mwaka 1975. Bila hilo hakuna ambaye angethubutu kuvaa seramiki mkononi. Lakini jahazi nalo lina kiasi chake cha kalafati. Ukilipandisha mwambani, kufura hakutalisaidia.

Titani nitaipitia kwa njia ya Ngomeni. Mnakijua kile kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, San Marco. Kutoka jukwaa lile la baharini ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mwaka huo huo Citizen wa Japani walitoa saa ya kwanza ya titani, X-8 Chronometer. Metali iliyokuwa ikisifika kwa ndege na roketi ikaingia mkononi. Uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma, haishiki kutu ya maji ya bahari, na haiwashi ngozi za wale wanaotoka vipele kwa sababu ya nikeli. Kwa mvuvi na mpiga mbizi, mimi ningempa titani. Aibu yake ni kwamba hukwaruzika, na rangi yake ni ya kijivu kama sufuria ya zamani. Wengine huigandishia ngozi ngumu juu. Tena uzi wa skrubu zake hung'ang'aniana. Fundi asiyepaka grisi atalia.

Na stenlesi? Watu huidharau kwa kuwa ni ya kila mtu. Saa nzuri hutumia aina ya 316L, yenye kromiamu, nikeli na molibdenamu kidogo ya kupigana na chumvi. Rolex hutumia 904L, yenye molibdenamu zaidi. Chumvi hata hivyo haikati tamaa: hujificha chini ya mpira wa mgongo na kuchimba vitundu. Nimefungua saa za hapa nikakuta vitundu kama vya fukusi kwenye mbao. Dawa ni maji baridi ya bomba kila ukitoka kuogelea, na hamfanyi.

Vingine nitavipita. Kaboni ni nyepesi mno na kila kasha lina madoa yake. Wapo wanaolipa mamilioni kwa ajili ya hayo madoa, shauri yao. Kampuni ya Hublot walitoa dhahabu iliyounganishwa na kabidi ya boroni mwaka 2011, isiyokwaruzika kirahisi. Inasifiwa sana. Mimi naona dhahabu isiyopata alama ni kama mzee asiye na mvi.

Ninachokiona cha busara ni kugawa kazi. Rolex mwaka 2005 waliweka seramiki kwenye pete ya juu tu, ile inayozunguka kioo, na mwili ukabaki metali. Mkwaruzo hukutana na seramiki, kipigo humezwa na metali. Wengi hufanya hivyo siku hizi.

Naam, kijana, uliza. Anasema: ameuziwa saa nyeusi, ameambiwa ni seramiki, atajuaje?

Tazama kingo, na pale mkanda unaposugua. Stenlesi iliyopakwa weusi huanza kutoa weupe hapo. Seramiki ni nyeusi hadi ndani, kama mlivyoona kwenye kipande. Ishike pia: seramiki haina ubaridi wa chuma ukianza kuivaa, na hushika joto la mwili upesi. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu hata stenlesi nzuri haishikwi nayo. Na kama bei ilikuwa shilingi elfu mbili, mwanangu, huna haja ya kutazama kingo. (Kicheko.)

Mama anauliza ipi ninayovaa mimi. Hii hapa, stenlesi ya marehemu baba, imekwaruzika mpaka haina pa kukwaruzika tena. Inasema saa nane na dakika kumi, nanyi mnajua ni saa mbili na dakika kumi. Nayo hiyo huchelewa.

Sasa kipande changu. Kilikuwa mstari wa tatu, nilikiona. Wewe uliyesimama na kuingiza mkono mfukoni, rudi kwanza.