Jeshi Letu na Akili Mnemba: Ijengwe na Wanaoijua Nchi

Mhadhara wa hadhara uliotolewa jijini Nakuru

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, maafande mliotoka Lanet kuja kutusikiliza, wanafunzi, na wazee wetu mliofunga biashara mapema ili muwe nasi: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie akili mnemba katika ulinzi wa taifa. Nitaanzia hapa jirani, Baringo. Ni saa nane mchana, jua kali, na mchungaji yuko nyuma ya mbuzi wake, bunduki begani. Huenda bunduki hiyo alipewa na serikali, maana yeye ni polisi wa akiba na kazi yake ni kulinda mifugo ya kijiji. Huenda pia aliipata kwa njia anayoijua mwenyewe. Hatua mia mbili nyuma yake kuna kijana asiye na silaha yoyote. Ameilaza fimbo mabegani, mikono ameitundika juu yake. Ukiwatazama kwa droni iliyo juu sana, unaona vivuli viwili virefu, kila kimoja kina mstari begani.

Mfumo uliofundishwa kwa picha za vita vya Ulaya utawaona hawa kuwa watu gani? Kule, mtu mwenye bunduki uwandani ni askari wa upande huu au wa upande ule. Huku kwetu, bunduki haikwambii lolote kuhusu nani mwizi na nani mlinzi. Mwendo wa ng'ombe ndio unaosema. Wanaopelekwa kunywa maji huenda polepole, wakila njiani, ndama wako na mama zao. Walioibwa huswagwa mbio, watu wamewazunguka pande zote, na ndama wasioweza kukimbia wameachwa nyuma wakilia. Mzee wa Marigat atakueleza hayo kwa dakika moja. Mhandisi aliye ng'ambo hana njia ya kuyajua asipomwuliza mzee huyo.

Februari 2023 serikali iliwatuma wanajeshi wa KDF, jeshi letu la Kenya, kuwasaidia polisi katika kaunti sita za huko juu: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu. Siku afisa wa operesheni kama ile atakapoketi mbele ya skrini yenye viboksi vyekundu vinavyomwambia "huyu ni adui", nataka tuwe tunajua viboksi hivyo vimetoka wapi, na nani aliyeamua kivuli kipi kipewe jina gani.

Basi ninachodai ni hiki. Jeshi lisiutegemee mfumo wa akili mnemba mpaka data yake iwe imekusanywa na kutambulishwa na watu wanaoijua nchi hii, na mpaka sisi wenyewe tuwe na uwezo wa kuufungua, kuujaribu na kuukataa. Tusipokuwa na uwezo huo, tumekodi macho ya mtu mwingine.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba hatuna pesa. Ni kweli, hatutashindana na kampuni za Marekani na Uchina kwa kununua chipu. Lakini nani amesema tuanzie hapo? Nendeni Kisumu mkaitazame MV Uhuru II. Meli hiyo iliundwa pale pale ufuoni na Kenya Shipyards, kampuni iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, kwa ushirikiano na Waholanzi. Hakuna aliyesubiri kwanza Wakenya wavumbue chuma. Vijana walijifunza kuchomelea, kupima na kusoma ramani za meli, na ujuzi ule umebaki mikononi mwao.

Kwenye akili mnemba mlango wa namna hiyo uko wazi. Kuna modeli, yaani programu za akili mnemba zilizokwisha kufundishwa, ambazo waliozitengeneza wamezitoa ili yeyote azipakue na kuziendesha kwa mitambo yake, kama zile za Meta, za Mistral ya Ufaransa na za DeepSeek ya Uchina. Modeli yenye vigezo bilioni 8, yaani namba zinazobeba yale iliyojifunza, huhitaji takriban gigabaiti 16 za kumbukumbu. Ukiibana hadi biti 4, yaani kila kigezo kichukue nafasi ndogo zaidi, gigabaiti 5 hivi zinatosha, na hapo inafanya kazi kwenye kipakatalishi kizuri, ndani ya hema, bila intaneti. Sisemi ina akili kama zile kubwa. Lakini kwa kufupisha ripoti, kutafuta kanuni kwenye vitabu vya matengenezo au kupanga mizigo, inatosha, na hakuna neno hata moja linalotoka nje ya kambi. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung walibandika msimbo wa siri wa kampuni yao kwenye ChatGPT ili wasaidiwe kazi, na kampuni ikalazimika kuwapiga marufuku wafanyakazi wake wasitumie zana za namna hiyo. Hao walikuwa watu waliosoma sana, hawakuwa na nia mbaya, walikuwa tu na kazi nyingi. Afisa mchanga aliyechoka usiku wa manane atafanya vivyo hivyo asipopewa chombo cha nyumbani kilicho salama.

Hata hivyo, kuipakua modeli hakuifanyi iwe yako. Oktoba 2025 watafiti wa Anthropic, pamoja na taasisi ya usalama wa akili mnemba ya Uingereza na Taasisi ya Alan Turing, walionyesha kwamba nyaraka 250 tu zilizotiwa sumu, zikichanganywa na data ya kuifundishia modeli, zilitosha kupenyeza mlango wa siri ndani ya modeli. Ziwe za vigezo milioni 600 au bilioni 13, idadi ilikuwa ile ile. Mlango wa namna hiyo hulala kimya mpaka maneno fulani yatajwe. Katika jaribio lao modeli ilianza tu kupayuka upuuzi. Fikirieni ingekuwa imefundishwa isiitaje boti ya aina fulani inapokaribia Lamu. Ndiyo maana kazi ya ukaguzi naiweka juu kuliko kazi ya kuunda. Tunahitaji kikosi cha watu ambao mshahara wao ni kuudanganya mfumo wetu wenyewe mchana kutwa, wakijaribu picha za vumbi, za ukungu wa Mau, za ngamia waliobeba mitungi, mpaka wajue unakosea wapi, na waliandike hilo kwa lugha ambayo kamanda ataielewa.

Yapo pia yale tuliyoyaona kwa macho. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliushambulia mfumo wa eCitizen, unaotoa huduma za serikali mtandaoni, huduma zikakwama nchi nzima. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote. Jeshi ambalo akili yake iko kwenye seva za ng'ambo lingefanya nini siku hiyo?

Watu wa Nakuru wataniambia: tuna Olkaria. Mvuke wetu utokao ardhini ni sehemu kubwa ya umeme wa nchi, na Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 unaoanzia na kituo cha data cha mvuke huo huo. Ni jambo jema kwa uchumi. Kwa siri za jeshi, naomba tusijidanganye. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act inaruhusu vyombo vya dola vya nchi hiyo kuidai data iliyo mikononi mwa kampuni zao, hata ikiwa imehifadhiwa Naivasha. Ufaransa, nchi yenye silaha za nyuklia na marafiki wengi, iliunda mwaka 2024 wakala wake wa akili mnemba ya ulinzi, AMIAD. Haikufanya hivyo kwa kukosa pa kununua.

Watu tunao. Mwaka 2023 ilifichuliwa kwamba vijana jijini Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuchambua maandishi ya kutisha ili ChatGPT iwe safi. Mikono ya Kenya imekwisha kuzifundisha mashine za wengine. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Maseno, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Nairobi na Africa Nazarene, walikusanya Kencorpus, hazina ya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Hiyo ndiyo kazi ya msingi, na inanisikitisha kuona inavyosifiwa kidogo. Mpakani watu hawazungumzi Kiingereza redioni.

Sasa niseme lililo gumu. Vijana mlioko hapa mnakumbuka Juni 2024, wanajeshi walipoitwa kuwasaidia polisi wakati wa maandamano. Mkiuliza kama chombo hiki kitageuzwa kuwatazama ninyi, mna haki ya kuuliza. Katiba, kifungu cha 238, inataka usalama wa taifa uzingatie sheria na haki za binadamu, na kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa msamaha pale usalama wa taifa unapotajwa, na msamaha huo ni mpana mno kwa mashine inayoweza kutambua nyuso elfu kwa saa. Bunge liupunguze kabla mifumo haijanunuliwa. Kenya ilikuwa miongoni mwa wenyeji wenza wa mkutano wa Seoul, Septemba 2024, kuhusu matumizi ya akili mnemba jeshini kwa uwajibikaji. Tuliyoyakubali kule yaonekane kwenye sheria zetu. Na uamuzi wa kufyatua risasi ubaki kwa binadamu mwenye jina na cheo, anayeweza kuitwa mahakamani.

Tuanzie wapi? Mimi ningeanzia gereji. Kila lori la jeshi lina kadi ya matengenezo, na fundi ameandika kwa mkono wake: breki zinalia, injini inachemka ikipanda mlima, pampu imebadilishwa tena. Hayo ni mafunzo ya miaka mingi yaliyolala kwenye makabati. Egerton, Kabarak na Chuo Kikuu cha Ulinzi cha Taifa, kilichopata hati yake mwaka 2021, vinaweza kukubaliana kuzisoma kadi hizo na kufundisha modeli ndogo itabiri lori lipi litaharibika njiani kwenda Garissa. Hakuna atakayeuawa modeli ikikosea. Wanafunzi watajifunza kulinda data ya siri kwa vitendo, wanajeshi watajifunza kuishuku mashine, na fundi wa gereji atakaa mezani kama mwalimu. Wakimaliza hapo wahamie kwenye tafsiri ya lugha za mpakani, kisha picha za ziwa na bahari. Silaha, kama zitafika, zije mwisho kabisa.

Nitapokea maswali sasa. Naomba maafande waanze, hasa yeyote aliyewahi kuitumia droni kule bonde la Kerio, aseme aliona nini na nini hakukiona.