Kashfa ya Mdomo: Jina Likichafuliwa kwa Kusemwa

(Mhadhara kwa wasaidizi wa kisheria wa mitaani, Mombasa)

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu kuja kunisikiliza.

Nianze na jambo mnalokutana nalo mara kwa mara. Kikao cha chama kimekwisha, watu wanavaa viatu, mmoja anapaza sauti: "Muulizeni mweka hazina. Pesa zetu kala yeye." Akina mama wote barazani wamesikia. Magharibi maneno yameshafika sokoni, na asubuhi mweka hazina hakopeshwi hata kilo ya unga. Hakuna gazeti lililoandika wala barua iliyotumwa. Je, mama huyu ana kesi?

Anayo, lakini njia yake ina miba. Sheria tuliyorithi kutoka Uingereza imeigawa kashfa mafungu mawili: ya maandishi, na ile ya kusemwa, ambayo Waingereza huiita slander. Ukichafuliwa kwa maandishi, mahakama inachukulia kwamba umeumia, hudaiwi kuthibitisha hasara. Ukichafuliwa kwa mdomo, mara nyingi unaambiwa: tuonyeshe ulichopoteza, tena kiwe kinahesabika kwa pesa. Kazi, mteja, mkataba. Kukosa usingizi hakumo, wala majirani kukupa mgongo.

Waliobanwa zaidi na kanuni hiyo walikuwa wanawake. Mwaka 1860 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyezuliwa uzinzi akaugua kwa uchungu. Ikasema ugonjwa wake si hasara ya kuhesabika, akatoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata, katika shauri la Lynch na Knight, mume alikuwa ameambiwa maneno juu ya mkewe, akamrudisha kwa baba yake. Ndoa imevunjika, na bado mke akashindwa kesi. Mmoja wa majaji wakuu walioisikiliza alilalamika kwamba sheria hiyo hairidhishi. Mwenzake, Lord Brougham, akasema neno hilo halitoshi, sheria hiyo ni ya kishenzi. Ilichukua miaka 30 mpaka Bunge lao likatunga sheria ya 1891, kwamba mwanamke aliyezuliwa uzinzi hahitaji kuonyesha hasara ya pesa.

Sheria hiyo wao wameifuta mwaka 2013. Sisi Kenya tunayo, katika Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, na mimi nasema ibaki. Msichana anayeitwa malaya mbele ya watu kijijini kwao anaweza kukosa posa miaka mingi, na hakuna risiti ya posa iliyokosekana. Pwani tuna sababu nyingine ya kulielewa jambo hili. Waislamu mnaijua Surat an-Nur, aya ya 4: anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi, kisha asilete mashahidi wanne, ana adhabu ya viboko themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Hakuna anayemuuliza mwanamke amepoteza shilingi ngapi.

Tumrudie mweka hazina. Naye hahitaji kuonyesha hasara, kwa sababu ametuhumiwa kosa la kufungwa jela, na hilo ni mojawapo ya mambo ambayo sheria imeyatoa katika ile kanuni ngumu. Jingine ni maneno yanayomshusha mtu katika kazi au biashara yake, kama kumwambia mteja wa fundi kwamba fundi huyo hajui kazi.

Lakini kesi yake inaweza kufia kwenye karatasi ya kwanza, na hapa naomba mnisikilize sana. Hati ya madai lazima iyataje maneno yenyewe, neno kwa neno, kwa lugha yaliyosemwa. Yakisemwa kwa Kigiriama yaandikwe kwa Kigiriama, ndipo tafsiri ifuate. Kuandika tu "mdaiwa alimwita mteja wangu mwizi" hakutoshi. Yule mwanachama hakusema "mwizi". Alisema "kala". Wakili wake atasimama aseme kula pesa ni kuzitumia, pengine zilitumika kwa mambo ya chama. Wewe utahitaji shahidi aliyekuwepo barazani, aseme yeye alielewa nini alipoyasikia. Kwa hiyo mtu akikujia analia, mpe maji, kisha chukua kalamu siku hiyohiyo. Alisema nini hasa? Wapi? Nani walisikia? Kama alikwambia peke yako chumbani, hakuna kashfa ya kushtakia, maana jina lako limo katika masikio ya wengine.

Anayesema "mimi nimesikia tu" naye yumo. Kila anayerudia anatangaza upya, na hawezi kujificha nyuma ya aliyemtangulia.

Kisha kuna mafumbo, na sisi watu wa pwani ndiyo mabingwa. Katika taarabu mtu anainuka kwenda kutunza, anapita mbele ya mwenzake polepole, anamnyooshea noti kabla ya kumpa mwimbaji, na ukumbi mzima unajua ubeti ule ni wa nani. Hakuna jina lililotajwa. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Sheria nayo inajua kwamba maneno safi kwa mgeni yanaweza kuwa sumu kwa mwenyeji. Basi mdai aeleze ni habari gani waliyoijua wasikilizaji iliyowafanya waelewe kwamba anasemwa yeye, na kwa ubaya gani. Ni kazi ngumu ila inawezekana. Matusi matupu ya hasira ni jambo jingine. Mtu akikuita mbwa katika ugomvi, hakuna aliyesadiki kwamba wewe ni mbwa.

Kuna neno moja ambalo mimi sina subira nalo hata kidogo: mchawi. Kilifi wazee wameuawa kwa neno hilo, watu ambao kosa lao ni mvi na kipande cha shamba. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, inafanya kuwa jinai kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa umepeleka habari kwa wenye mamlaka. Likisemwa mtaani kwenu msingojee kesi ya fidia. Fikeni kwa chifu na kituo cha polisi siku hiyohiyo, maana hapo kinachotafutwa ni roho ya mtu.

Sasa nisieleweke vibaya. Msichana aliyebakwa akaenda polisi kumtaja aliyembaka, hajamkashifu mtu. Malalamiko yaliyopelekwa kwa nia njema kwa mwenye wajibu wa kuyasikiliza yana kinga, na ukweli ukithibitishwa ni kinga tosha. Nimeona wenye uwezo wakitishia wanawake wanyonge kwa barua za mawakili ili wanyamaze. Mkiiona barua ya namna hiyo, msimwache mama aiogope peke yake.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, je? Umesemwa, lakini unabaki, unasambazwa, unasikilizwa tena mwakani. Mimi naona ufananishwe na maandishi, ila hoja haijaisha: mwaka 2008 Jaji Eady wa London alisema hata yaliyoandikwa kwenye majukwaa ya intaneti, watu wakibishana, yanafanana zaidi na mazungumzo ya baa. Nyinyi uhifadhini tu ujumbe wenyewe kwenye simu ulikopokelewa, msiufute.

Polisi wasiwakamatie mtu kwa kashfa ya kawaida. Mahakama Kuu Nairobi ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, mwezi Februari 2017. Kesi yenu ni ya madai, si ya jinai, na muda wake ni miezi 12 tangu maneno yaliposemwa. Madai mengine ya madhara hupewa miaka mitatu, na ndiyo maana wengi hudhani bado wanao wakati.

Kabla ya mahakama, andikeni barua ya kudai radhi. Katiba, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi, na katika kashfa ya mdomo naona una nguvu kuliko hukumu. Ila masharti yawe wazi: radhi isemwe barazani palepale, katika kikao cha chama, kwa lugha ileile, mbele ya walewale waliosikia. Akitaka kuja kuiomba usiku, nyumbani kwa mama, mlango umefungwa, mkataeni.

Karibuni kwa maswali.