Mtoto anang'ata wenzake nasari, na kumchapa huruhusiwi: tunafanyaje huku Minnesota?

Haya, habari zenu nyumbani, na nyinyi wenzangu mnaogandishwa na baridi kama mimi. Tangu niwaambie kwamba mimi ni mwalimu msaidizi kwenye darasa la Head Start hapa Minneapolis, meseji hazikatiki, na nyingi zinauliza kitu kimoja. Mtoto wa miaka minne anapiga wenzake, anarusha viti, na wewe huruhusiwi hata kumvuta sikio. Sasa? Mama mmoja wa Eldoret kaniandikia, "Mwalimu, huko si watoto ndio wanawatawala?" Nimecheka mpaka chai ikamwagika. Ila kauliza vizuri, na leo namjibu.

Kwanza mjue Head Start ni nini. Ni mpango wa serikali kuu ya Marekani, ulianza mwaka 1965, wa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Mzazi halipi kitu. Na katika nafasi zake, angalau asilimia 10 ni za watoto wenye ulemavu wanaostahili huduma maalum. Kwa hiyo mtoto asiyesema bado, mwenye usonji, mwenye shida ya kusikia, wote wanakaa kwenye mkeka mmoja na wengine. Hawatengewi chumba cha nyuma.

Na kumfukuza mtoto kwa sababu ya tabia ni marufuku. Kanuni za Head Start zimelikataza jambo hilo waziwazi tangu 2016. Mnashangaa kwamba ilibidi liandikwe? Mwaka 2005 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Walter Gilliam, aligundua kwamba watoto wa shule za awali zinazogharamiwa na majimbo walikuwa wakifukuzwa kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wanafunzi wa madarasa yote yanayofuata, hadi kidato cha mwisho. Mtoto hajui kufunga kamba za viatu, tayari kashafukuzwa shule!

Sasa tuingie darasani. Tuseme kuna mtoto anayeng'ata. Simsemi mtoto yeyote hapa, nawachanganya wengi niliowaona. Kazi ya kwanza ni kuandika. Daftari lina safu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini, na baada ya hapo alipata nini. Unaandika kila anapong'ata, bila kuongeza maneno kama "mkorofi" au "kichwa ngumu". Ukishaandika siku kadhaa, kurasa zinaanza kukuonyesha kitu. Pengine hang'ati wakati wa kula, wala nje uwanjani. Anang'ata kila anapoambiwa aache matofali ya kuchezea akanawe mikono. Na akishang'ata, vurugu inazuka, watu wazima wanakimbilia anayelia, na yeye anabaki na matofali yake. Kwa hesabu yake, amefaulu.

Ukishalijua hilo, unabadilisha mambo mawili. La kwanza ni kinachotangulia. Ukutani, chini kabisa usawa wa macho yake, tunabandika picha za ratiba: kucheza, kunawa, kula, kulala. Kabla ya muda kuisha anaonyeshwa picha inayofuata na anawekewa ile chupa ya mchanga unaoshuka kidogo kidogo, auone muda unavyokwisha. La pili, anafundishwa namna nyingine ya kusema "bado nacheza". Kama maneno hana, anafundishwa ishara ya mkono. Na anafundishwa akiwa ametulia. Mtoto anayepiga mayowe hasikii somo lolote, hata wewe ukikasirika husikii. Akiitumia ile ishara, anaongezewa dakika moja hapohapo, na unamtajia alichofanya: "Umeniomba kwa mkono, asante." Hapo anaona kwamba mkono unafaa kuliko meno.

Kuna na ile kona ya utulivu yenye mito na vitabu, ambayo kila mtu anaisifu. Mimi naitilia shaka kidogo. Mwalimu akichoka, inageuka kuwa kona ileile ya adhabu, tofauti ni mito tu. Mtoto aende na mtu mzima, asitupwe kule peke yake.

Na isiwe kama nawauzia dawa ya muujiza. Inachukua wiki, wakati mwingine miezi. Kuna siku narudi nyumbani blauzi imechanika.

Kama pamoja na hayo yote bado kuna shida, au mtoto hasemi kama wa rika lake, inaombwa tathmini, yaani wataalamu wampime waone kama anahitaji huduma maalum. Hapa ndipo wazazi wetu wanapokwama. Karatasi inatumwa nyumbani isainiwe, inakaa juu ya friji. Nyanya anapiga simu kutoka Kisii, "Hata babake alichelewa kusema." Baba anaogopa mtoto ataandikwa mwendawazimu maisha yake yote. Mwingine anaogopa mambo ya uhamiaji.

Sikilizeni. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu inaitwa IDEA, mizizi yake ni ya 1975. Tathmini ni bure. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anaweza kuombewa tathmini katika wilaya ya shule anapoishi, hata kama hajaanza nasari. Wa chini ya hapo wana mpango wao. Hapa Minnesota, ukishasaini, wanapewa siku 30 za shule kuimaliza. Kumbukumbu za mtoto shuleni zinalindwa na sheria ya mwaka 1974, hazigawiwi ovyo. Na kusaini tathmini si kusaini huduma: majibu yakitoka bado una haki ya kukataa, na hata huduma zikianza unaweza kuzisimamisha.

Kwenye mkutano dai mkalimani. Ni haki yako, hulipi. Tena ulizeni mtoto amepimwa kwa lugha gani, maana anayeongea Kiswahili nyumbani akipimwa kwa Kiingereza pekee ataonekana amechelewa hata kama hajachelewa. Na mtu akikwambia uache kuongea naye Kiswahili ili aanze kusema, usimsikilize. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Nanyi mlio Kenya, najua PP1 yenu, lile darasa la kwanza la nasari, inaweza kuwa na watoto hamsini na mwalimu mmoja, siwezi kukaa huku na kuwahubiria. Lakini picha za ratiba zinachorwa kwenye katoni, na daftari la safu tatu ni bei ya daftari. Kiboko shuleni kimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Na vituo vya tathmini vipo tangu 1984, vile vinavyoitwa EARC. Ulizeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Nairobi kuna KISE, taasisi ya taifa ya elimu maalum, kule Kasarani.

Kwa walio huku, barua ya kuomba tathmini haihitaji Kiingereza cha wakili. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, unachokiona nyumbani, na kwamba unaomba afanyiwe tathmini ya mahitaji maalum. Weka tarehe, saini, ubaki na nakala.

Maswali yawekeni hapo chini, ila jamani, msiandike majina ya watoto wala shule zao. Wiki ijayo namjibu yule baba ambaye mtoto wake hali chochote isipokuwa wali mweupe.