Urefu wa mtutu na shabaha ya maka: mhadhara uliotolewa Kisumu

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja na joto hili. Kabla sijaanza, tazameni hivi vidonge viwili vya rangi. Kimoja nimekitoa sasa hivi kwenye mfuko uliofungwa. Cha pili kimelala kwenye dashibodi ya gari tangu asubuhi: kimelegea, na upande mmoja umekuwa bapa. Pokezaneni, mvibonyeze kidogo. Mmekuja kusikia habari za mtutu, lakini nataka mkae na hivyo vidonge mikononi ninapozungumza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na wikendi hurekebisha maka, yaani bunduki za hewa zinazofyatua vidonge hivi, za wachezaji wa peintiboli, mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nikinunua mtutu wa inchi 18 nitalenga vizuri zaidi?" Anayeuliza huwa ni kijana aliyejinyima miezi kadhaa. Jibu ni hapana, na kwa kuwa pesa zake zimetoka kwa jasho, anastahili kuelezwa kwa nini.

Kidonge cha kawaida kina kipenyo cha inchi 0.68, yaani milimita 17 na kitu, na uzito wa gramu 3 hivi. Ukivuta kifyatulio, vali hufunguka na kujifunga mara moja. Hewa inayopita hapo ni kama pumzi moja, basi. Katika inchi 8 hivi za mwanzo, sawa na sentimita 20, kidonge huwa kimeshapata karibu kasi yake yote. Kuanzia hapo hewa imetanuka, shinikizo limeshuka, na kinachobaki kwa wingi ni msuguano. Ndiyo maana mtutu wa inchi 20 hula gesi zaidi ili kufikia kasi ileile.

Wengi wenu mlikulia penye mipapai. Mlikata bua la jani, mkatia punje ya mahindi, mkapuliza. Bua likiwa fupi mno, punje hutoka kabla pumzi haijaisukuma vya kutosha. Likiwa refu kama mkono mzima, mashavu yanauma na punje inatoka kivivu. Kuna urefu unaolingana na pumzi yako. Kwa maka nyingi, mtutu wa inchi 12 au 14 unatosha kabisa. Tena angalieni yale matundu ya mbele: yanaachilia hewa polepole ili mlio upungue, lakini sehemu hiyo haisukumi kidonge. Mtutu wa inchi 14 uliotobolewa nusu nzima husukuma kwa ile nusu ya nyuma tu.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, kaka.

Ndugu yetu anauliza kwa nini basi bunduki za wadunguaji zina mitutu mirefu. Swali zuri sana. Kwenye bunduki ya kweli, baruti inaendelea kuungua na kuzalisha gesi wakati risasi iko njiani, kwa hiyo urefu huongeza kasi. Tena ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi ili itulie hewani. Kidonge chetu kina majimaji ndani na ganda la jelatini, na mtutu wa kawaida wa maka ni laini tupu. Halafu kuna sheria za uwanja. Viwanja vingi haviruhusu zaidi ya futi 300 kwa sekunde, vingine huishia 280, na maka hupimwa kwa kronografu, yaani kipima kasi, kabla ya mchezo. Ukiwa na mtutu mrefu au mfupi, utarekebishiwa kasi hadi mlingane na mwenzako.

Sasa piga hesabu nami. Futi 280 kwa sekunde ni mita 85 hivi. Kufika mita 30 kunahitaji zaidi kidogo ya theluthi moja ya sekunde, na katika muda huo kidonge huanguka kama sentimita 60. Hapo hatujahesabu hewa inayokizuia. Ukiihesabu, kinaanguka zaidi. Mtutu hauna la kufanya hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa Gor Mahia humu ndani wataelewa haraka. Mpira wa adhabu uliopigwa bila kuzunguka huyumba, kipa anaruka kulia nao unakwenda kushoto. Hewa nyuma yake inajikunja mara upande huu, mara ule, na kuuvuta. Kidonge kinapatwa na hayohayo, tena kina mshono kiunoni na pengine hakikuwa duara kamili tangu kiwandani. Kikianza kuyumba mita 25 mbele yako, kurefusha mtutu kwa inchi 6 hakutakirudisha njiani.

Turudi kwenye vidonge mlivyoshika. Jelatini hunywa unyevu. Mwaka fulani nilibeba sanduku kutoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa kavu, nikaliacha wazi usiku mmoja hapa kando ya ziwa. Mtutu uliovitosha vidonge vile Nakuru ukawa unavibana asubuhi yake. Cha tatu kilipasuka ndani. Baada ya hapo kila kidonge kilipita kwenye rangi iliyomwagika na kwenda kilikotaka: kimoja juu ya mti, kingine ardhini hatua kumi mbele yangu. Kijana niliyekuwa namfundisha alilaumu mikono yake mchana kutwa, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo pimeni hivi kila asubuhi ya mchezo. Maka ikiwa kando, vua mtutu, tia kidonge upande wa nyuma. Kikiteleza chenyewe hadi nje, tundu ni pana: hewa itavuja pembeni, na kasi itabadilika kutoka mfyatuo mmoja hadi mwingine. Kisipotoka hata ukipuliza kwa nguvu, tundu ni jembamba na kitapasuka. Kinachofaa kinakaa palepale, halafu kinaruka kwa pumzi moja. Mitutu yenye vipande vya ndani vya kubadilisha, kuanzia inchi 0.679 hivi hadi 0.693, imetengenezwa kwa kazi hii. Ukiniuliza pesa ziende wapi, ziende hapo, na kwenye vidonge vizuri vilivyofungwa vyema. Baada ya hapo nunua regyuleta nzuri, yaani kifaa cha kusawazisha shinikizo la hewa, na uachane na gesi ya kabonidayoksaidi ya kusukumia vidonge, inayobadilisha shinikizo kila jua linapopanda.

Sisemi mtutu mrefu hauna kazi. Unasaidia kusukuma majani ukiwa umejibanza, na wengine hulenga kwa urahisi wakiona mstari mrefu mbele ya jicho.

Dada hapa mbele anauliza mchezo ulianzaje na vifaa gani. Maka ya kwanza iliyotumika mchezoni, Nelspot 007, ilikuwa bastola ya kutia alama miti na ng'ombe. Tarehe 27 Juni 1981 watu 12 waliichezea msituni Henniker, New Hampshire, Marekani. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, na alikusanya bendera zote alizotakiwa kuzitafuta bila kufyatua hata mara moja.

Mitutu mitatu iko pale mezani, na vidonge vya leo viko kwenye kopo lenye kifuniko. Vaeni barakoa kwanza, kisha tutoke nje, kila mmoja apulize mwenyewe.